Ukibonyeza “Tuma” Ukiwa Ifo: Ombi Lako Hupokelewa na Nani?

Mwenye duka katika soko la Ifo anataka kulipia huduma ya serikali bila kupanda gari hadi Garissa mjini, safari ya takriban kilomita 100. Anafungua ukurasa kwenye simu, anajaza jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu, kisha anabonyeza “Tuma”. Kidirisha cha M-Pesa kinatokea, anaweka PIN. Ukurasa unazunguka, unaendelea kuzunguka, na mwishowe unatoa mstari mmoja wa Kiingereza wenye nambari 504. Anadhani ombi limepotea. Anajaza upya na kulipa tena. Jioni ana jumbe mbili za M-Pesa kwa huduma moja, na kuzifuatilia zile pesa za pili kutamchukua siku nyingi kuliko ile safari aliyotaka kuiepuka.

Nambari 504 haikumwambia kwamba ombi limepotea. Ilimwambia jambo jingine, na mkazi anayelielewa huokoa pesa zake. Ili kulielewa inabidi kuchungulia nyuma ya ukurasa, mahali ambapo kipande kifupi cha programu hupokea kila ombi na kuamua lijibiwe vipi.

Bawabu na karani

Mtu anapobonyeza “Tuma”, simu yake huandika kitu kama barua. Mafundi huiita ombi. Ndani yake mna aina ya ombi, anwani ya huduma inayotakiwa, maelezo ya bahasha (simu inasoma lugha gani, mtu ameshaingia kwenye akaunti au la), na yale yaliyojazwa kwenye fomu. Barua hupokelewa na mnara wa simu ulio karibu, hupita kwenye nyaya za mtandao, na kufika kwenye kompyuta iitwayo seva, ambayo huenda iko Nairobi au hata nje ya nchi.

Kwenye seva kuna programu mbili zenye kazi tofauti, ingawa watu wengi hudhani ni moja. Ya kwanza ni bawabu. Hupokea barua zote, na vitu visivyobadilika, kama picha ya nembo, huvitoa yeye mwenyewe. Lakini bawabu hajui leseni ni nini, wala hawezi kutafuta jina kwenye sajili. Hiyo ni kazi ya karani aliye ndani, yaani programu iliyoandikwa mahususi kwa huduma ile. Kati ya wawili hawa pana lango, na lango lina kanuni zake za kupitisha barua ndani na kurudisha majibu nje.

Kanuni za kwanza zilizoenea zilitungwa mwaka 1993 katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, zikaitwa CGI. Utaratibu wake ni rahisi. Barua ikifika, bawabu humwamsha karani mpya, humkabidhi maelezo ya bahasha kwa orodha ya majina na thamani zake, humpa yaliyomo, kisha husubiri. Karani akishajibu huenda zake, asirudi tena. Lugha ya PHP, inayoendesha tovuti nyingi hadi leo, ilianza mwaka 1994 kama programu ndogo za namna hii, alizoandika Rasmus Lerdorf ili ajue ni nani wanaosoma wasifu wake wa kazi kwenye mtandao.

Kasoro ya CGI ni ile ya kumwamsha karani mpya kila mara. Watu kumi wakituma kwa pamoja, makarani kumi huamshwa. Wakituma elfu kumi, seva huishiwa nguvu kwa kuamsha tu, kabla hata ya kazi yenyewe kuanza. Desemba 2003 Phillip J. Eby aliwasilisha kwa wanaprogramu wa lugha ya Python utaratibu uitwao WSGI, katika pendekezo nambari 333, ambalo mwaka 2010 lilirekebishwa na kuwa nambari 3333. Hapa karani halali. Hukaa macho siku nzima, na kila barua ikifika bawabu huita fanksheni moja.

Fanksheni ni kipande cha programu chenye jina lake na kazi yake: hupewa kitu, hurudisha kitu. Fanksheni ya WSGI hupewa vitu viwili tu, yaani orodha ya maelezo ya ombi na njia ya kutangazia mwanzo wa jibu. Hurudisha jibu lenyewe. Basi. Kijana wa Ifo au Dagahaley anayejifunza Python anaweza kuandika fanksheni kamili ya aina hii kwa mistari mitatu au minne, na Python huja na seva ndogo ya kujaribia iitwayo wsgiref, kwa hiyo akishaiweka kwenye kompyuta, mazoezi yake hayali bando.

Kuuliza si sawa na kukabidhi

Katika ile orodha anayopewa karani kuna jina REQUEST_METHOD, na mara nyingi thamani yake huwa neno GET au POST. Maneno haya mawili yana uzito mkubwa kwa mtumiaji kuliko inavyodhaniwa.

GET ni kuuliza: nionyeshe hali ya ombi langu, nionyeshe orodha ya ada. Mtu anaweza kuuliza mara mia na hakuna kinachobadilika kwenye sajili. POST ni kukabidhi: pokea fomu hii, anzisha malipo haya. Kila POST ni tendo jipya. Ndiyo maana kivinjari humwonya anayejaribu kupakia upya ukurasa baada ya kutuma fomu, na kumuuliza kama kweli anataka kuituma tena. Wengi hubonyeza “sawa” bila kusoma, na hapo ndipo ombi la pili huzaliwa.

Kuna tofauti nyingine, hasa kwa wanaotumia kompyuta za saiba. Maelezo yanayotumwa kwa GET huonekana kwenye anwani juu ya ukurasa, na hubaki kwenye historia ya kivinjari. Huduma iliyoundwa vizuri haipitishi nambari ya kitambulisho kwa njia hiyo. Anayeiona nambari yake ikisomeka pale juu akiwa kwenye kompyuta ya watu afute historia kabla ya kuinuka.

Na karani huyu ni msahaulifu. Akishajibu, hakumbuki kama aliwahi kukuhudumia. Kinachomwezesha kukutambua katika ukurasa unaofuata ni tiketi ndogo ambayo kivinjari chako huionyesha upya katika kila ombi. Tiketi hiyo hubaki kwenye kompyuta mpaka muda wake uishe au mpaka ubonyeze “Toka”. Kufunga ukurasa peke yake hakutoshi, kwani mteja anayekalia kiti baada yako anaweza kuingia kwa tiketi yako.

Nambari tatu zinazosema kosa ni la nani

Kila jibu huanza na nambari ya tarakimu tatu, na tarakimu ya kwanza ndiyo ya kutazamwa. Ikiwa 2, ombi limepokelewa na kujibiwa. Ikiwa 3, unaelekezwa kwingine, na kivinjari hushughulika chenyewe bila wewe kujua. Ikiwa 4, seva inasema kasoro iko upande wa ombi. Ikiwa 5, kasoro iko upande wa seva, na hata ujaze fomu kwa makini namna gani, hutaiondoa.

Katika familia ya 4, nambari 404 maana yake anwani haipo, pengine kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa. Nambari 400 maana yake ombi halikueleweka. Nambari 401 inadai uingie kwenye akaunti kwanza, na 403 inasema huruhusiwi kufungua ukurasa huo. Nambari 429 hutokea mtu anapotuma maombi mengi kwa muda mfupi. Hapo dawa ni kupumzika, wala si kubonyeza kwa nguvu zaidi.

Familia ya 5 ndiyo inayowasumbua watu. Nambari 500 ina maana kwamba karani mwenyewe ameanguka akiwa kazini: fanksheni imekutana na jambo ambalo mwandishi wake hakulitazamia. Nambari 502 inasema bawabu alipeleka barua ndani akapata jibu lisiloeleweka, au hakumkuta karani kabisa. Nambari 503 inasema huduma haipatikani kwa sasa, ama imezidiwa ama inafanyiwa matengenezo.

Nambari 504, ile ya mwenye duka wetu, inasema bawabu amechoka kungoja. Alipeleka barua ndani, akasubiri kwa muda aliopangiwa, jibu halikuja, naye akaamua kumjibu mteja ili asimweke mlangoni milele. Lakini karani huko ndani huenda bado anaandika. Huenda tayari ameandika leseni, ameanzisha malipo na kuhifadhi kila kitu kwenye sajili, ila jibu lake limekuta bawabu ameshafunga dirisha. Anayeona 504 hajui kama kazi imefanyika au la. Hatua salama ni kuuliza kwanza: kufungua upya akaunti, kwenda kwenye orodha ya maombi yake na kutazama. Hiyo ni GET, na haiongezi deni.

Ukurasa usio na nambari yoyote, ule wa kivinjari chenyewe unaosema hakuna intaneti, ni habari tofauti. Mara nyingi barua haikutoka hata Ifo. Hata hivyo, mtandao ukikatika sekunde chache baada ya kutuma, barua inaweza kuwa ilishafika na ni jibu lililopotea njiani. Kwa hiyo hata hapo, angalia kwanza.

Malipo yana fanksheni mbili

Watu hudhani malipo ya simu ni tendo moja. Kwa mashine ni mazungumzo mawili tofauti, na katikati yake pana muda.

Mazungumzo ya kwanza huanza pale fanksheni ya huduma inapotuma ombi kwa M-Pesa: mwombe mteja huyu alipe kiasi hiki. Safaricom iliwafungulia wanaprogramu njia ya kufanya hivyo kupitia mfumo wake wa Daraja, uliozinduliwa mwaka 2017. M-Pesa hujibu papo hapo kwamba ombi limepokelewa. Jibu hilo halisemi pesa zimelipwa. Linasema tu kwamba kidirisha cha PIN kinapelekwa kwenye simu.

Mazungumzo ya pili huanzishwa na M-Pesa. Mteja akishaweka PIN, au akikataa, au akishindwa, mashine za Safaricom hutuma POST kwa seva ya huduma kueleza yaliyotokea. Fanksheni ya pili, ambayo mteja haioni kamwe, huipokea. Ndani yake mna nambari ya matokeo. Sufuri ni malipo yamefaulu. Moja ni salio halitoshi. 1032 ni mteja ameghairi. 1037 ni simu ya mteja haikupatikana, jambo linaloeleweka upesi na yeyote aliyewahi kutafuta mtandao akitembea kutoka uzio mmoja hadi mwingine akiwa ameinua simu juu.

Ujumbe wa M-Pesa unaweza kufika kwenye simu kabla fanksheni ya pili haijafanya kazi yake. Kwa dakika kadhaa mteja atakuwa na uthibitisho wa kulipa huku akaunti yake ikisoma “haijalipwa”. Ujumbe huo una msimbo wa herufi na tarakimu kumi, na msimbo huo ndio utakaotumika kuyaunganisha malipo na ombi. Usiufute. Wakazi wa Ifo wamezoea thamani kufika kwa simu tangu 2016, mpango wa Bamba Chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulipoanza Dadaab. Kilichoongezeka hapa ni kwamba sasa wao ndio wanaotuma.

Fanksheni iliyoandikwa kwa uangalifu hujikinga na malipo maradufu. Kila fomu hupewa nambari yake ya kumbukumbu tangu inapofunguliwa, na fomu ile ile ikitumwa mara ya pili karani hutazama sajili, akiikuta nambari hiyo, hurudisha jibu la kwanza badala ya kuanza upya. Lakini mteja akifungua fomu mpya kabisa na kuijaza tena, atapewa nambari mpya, na kinga hiyo haitamsaidia. Mwenye duka aliyejaza upya alikuwa, machoni pa karani, mtu mwenye maombi mawili.

Maxamed na Mohamed

Kuna kasoro nyingine inayowagusa wakazi wa Dadaab kuliko watu wa mahali pengine, nayo ni majina. Karani hulinganisha herufi kwa herufi. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu mwaka 1972, na katika maandishi hayo x ni ile h inayotoka kooni na c ni ‘ain ya Kiarabu. Mtu mmoja anaweza kuwa Maxamed Cabdi kwenye karatasi ya shule, Mohamed Abdi kwenye kadi moja na Mohammed Abdi kwenye nyingine. Mzee wa mtaa anajua ni kijana yule yule, mwana wa fulani. Fanksheni inaona watu watatu, na hujibu kwamba rekodi haikupatikana. Kwa hiyo jina kwenye fomu ya mtandao liandikwe kama lilivyo kwenye hati inayoombwa, herufi kwa herufi, hata kama tahajia hiyo haimpendezi mwenye jina.

Alama ya ritifaa, ile inayoonekana katika majina kama Ma’alin na Sa’diya, nayo ina vituko vyake. Katika amri za hifadhidata alama hiyo huonyesha mahali maandishi yanapoanzia na kuishia. Fanksheni iliyoandikwa kwa uzembe hudhani jina limeishia kwenye “Ma”, kisha huchanganyikiwa na kutoa nambari 500. Kasoro hiyo hiyo ndiyo mlango ambao wadukuzi huutumia kuingiza amri zao. Mtu anayepata 500 kila anapojaza jina lake, huku jirani yake akipita bila shida, atoe taarifa. Jina lake halina kosa.

Nambari ya simu ina mtego wake pia. Katika uandishi wa maombi ya mtandao, alama ya + mara nyingi husimama badala ya nafasi tupu. Mwandishi wa programu akisahau kuigeuza kuwa %2B kabla ya kuituma, +254 hufika kwa karani ikiwa nafasi tupu ikifuatwa na 254, na ujumbe wa uthibitisho hauna pa kwenda. Fomu ikitoa mfano wa 07 au wa 254, fuata mfano huo ulivyo.

Makarani wanapozidiwa makusudi

Mwishoni mwa Julai 2023 Wakenya waliona kwa macho yao lango linavyoweza kuzibwa. Jukwaa la eCitizen, ambalo Juni mwaka huo lilikuwa limetangazwa kubeba huduma zaidi ya 5,000, lilishindwa kufunguka. Waombaji wa pasipoti na viza walikwama, tiketi za treni ya SGR zikasumbua, na malipo ya simu na ununuzi wa tokeni za umeme navyo vikatatizika. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Waziri wa Habari wa wakati huo, Eliud Owalo, alisema lilikuwa jaribio la kuujaza mfumo maombi kupita kiasi, na kwamba hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliwafungulia mashtaka ndugu wawili Wasudani kuhusu kundi hilo.

Shambulizi la aina hiyo halihitaji kuvunja kufuli. Hutuma barua bandia nyingi kiasi kwamba bawabu na makarani hawapati nafasi ya kusoma za kweli. Anayetaka huduma siku hiyo huona 503 au 504, au haoni chochote. Wahudumu wa mfumo hupambana kwa kuzizuia barua mapema, kabla hazijamfikia karani, kwa sababu barua ikishafika kwake gharama imeshaingia.

Siku kama hiyo ndiyo matapeli huivizia. Hutokea ukurasa unaofanana na ule wa kweli na kudai kuwa njia mbadala. Anwani zinazoishia na .go.ke hutengewa taasisi za serikali ya Kenya pekee, na sehemu hiyo ya mwisho kabla ya mkwaju wa kwanza ndiyo ya kukaguliwa. Alama ya kufuli peke yake haitoshi, kwani inathibitisha kwamba barua haisomwi njiani, haithibitishi kwamba mpokeaji ni mwaminifu.

Kilichokwama kikiendelea kukwama, Huduma Centre ya Garissa mjini hupokea wenye matatizo ya huduma za serikali kuu za mtandaoni, na ofisi za kaunti hupokea ya huduma za kaunti. Afisa atakayekusaidia hataweza kulipata ombi lako kati ya maelfu kwa kuambiwa tu kwamba “mtandao ulikataa”. Atahitaji siku na saa uliyotuma, maana bawabu huandika kila barua kwenye daftari lake kwa saa. Atahitaji nambari iliyotokea kwenye ukurasa, nambari ya kumbukumbu ya ombi kama uliipata, na ule msimbo wa M-Pesa wa herufi na tarakimu kumi. Picha ya ukurasa wenye kosa, iliyopigwa kwa simu kabla ya kuufunga, hubeba zaidi ya nusu ya hayo.